Jina la Kwanza ni Lipi? Hifadhidata Nazo ni Kazi ya Kitivo cha Lugha

Katika vyuo vikuu vya nchi yetu, madaftari ya apparitorat yanahamia polepole ndani ya kompyuta. Orodha za wanafunzi, alama za mitihani, malipo ya masomo, matokeo ya délibération ambayo zamani tuliyasubiri kwenye valve: vyote vinaingizwa katika hifadhidata. Kazi hiyo tumewaachia wenzetu wa informatiki. Sisi wa kitivo cha lugha tumekaa pembeni tukidhani kwamba mambo hayo hayatuhusu.

Mimi naona yanatuhusu sana. Hifadhidata hujengwa kwa majedwali, kila jedwali lina safuwima zake, na kila jedwali na kila safuwima lazima vipewe jina. Anayetoa majina hayo anafanya kazi ya lugha, awe anajua au hajui. Na jina likitolewa vibaya, makosa yanayotokea humwangukia mwanafunzi, mara nyingi siku ile anapokwenda kuchukua diploma yake. Kwa hiyo makala hii inatetea wazo moja: majina ndani ya hifadhidata ni suala la maana, la sarufi na la kamusi kabla ya kuwa suala la mashine, na kitivo chetu kinapaswa kudai nafasi yake katika kazi hiyo.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona hifadhidata kwa ndani, afikirie ukurasa wa daftari uliopigwa mistari. Juu kuna vichwa: jina, tarehe ya kuzaliwa, promotion. Kila mstari wa chini ni mwanafunzi mmoja. Vichwa hivyo ndivyo majina ya safuwima ninayoyazungumzia hapa. Tofauti iko mahali pamoja tu. Karani akikuta kichwa asichokielewa, anamwuliza mwenzake wa meza ya pili. Kompyuta haiulizi. Inatafuta herufi zilezile, na ikizipata mahali pasipo pake, inaendelea na kazi.

Nom, postnom, prénom

Programu nyingi tunazozitumia zilitungwa nje, na ndani yake mna safuwima mbili za jina la mtu: first_name na last_name. Kwa Mwingereza hakuna tatizo. Jina linalotangulia ndilo alilopewa mtoto, jina la mwisho ndilo la ukoo. Nafasi ya jina na kazi ya jina vinakwenda pamoja, hata hakuna anayeona kwamba ni mambo mawili.

Kwetu vinaachana. Tazama kadi yoyote ya mpiga kura: nom, postnom, prénom, kwa utaratibu huo. Sasa fomu iliyotafsiriwa neno kwa neno inamwambia mwanafunzi aandike "jina la kwanza". Mmoja anaandika nom yake, kwa sababu kweli ndilo jina linalotangulia tangu alipokuwa shule ya msingi. Mwingine, aliyezoea fomu za intaneti, anaandika prénom. Wote wawili wamejibu sawasawa, na safuwima moja sasa inabeba vitu viwili tofauti. Postnom nayo haina nyumba. Huyu anaibandika kwenye nom kwa kuacha nafasi, yule anaiunga kwa kistari, wa tatu anaiacha kabisa. Orodha ikipangwa kwa alfabeti, mtu mmoja anaonekana mahali pawili, au watu wawili wanaonekana kama mmoja.

Chanzo chake tunakifahamu kwa historia. Mwaka 1972, katika siasa ya Authenticité, utawala wa Mobutu ulikataza majina ya ubatizo ya Kizungu, na watu wakachukua majina ya wazee wao mahali pake. Mfumo wa chama kimoja ulipolegea baada ya 1990, prénom ikarudi hadharani, lakini postnom haikuondoka. Aliyekuwa Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Ajaribu msomaji kuligawa jina hilo katika first_name na last_name. Au tumchukue mwanafalsafa Mudimbe, aliyefundisha Lubumbashi: alikuwa Valentin-Yves, akawa Vumbi Yoka, na herufi V. Y. zikabaki zilezile juu ya vitabu vyake. Mtunza maktaba anayejua historia anaelewa kwamba ni mwandishi mmoja. Hifadhidata isiyoandaliwa kwa ajili ya historia hiyo itamfanya kuwa wawili.

Neno last_name lina dhana nyingine iliyofichwa: kwamba ndugu wa tumbo moja wanashiriki jina moja na baba yao. Kwetu si lazima. Watoto wa nyumba moja wanaweza kuwa na nom tofauti, kila mmoja akiwa amerithi jina la babu, la bibi au la rafiki wa familia. Kwa hiyo programu inayotafuta "familia moja" kwa kulinganisha safuwima hiyo itakosea bila kuonyesha kosa lolote.

Hasara yake si ya nadharia. Mwenye diploma yenye majina mawili na kadi yenye majina matatu atalazimika kutafuta hati ya kuthibitisha kwamba huyu na yule ni mtu mmoja, na hati hizo zinagharimu siku na pesa. Dawa ni nyepesi ikipatikana mapema: safuwima ziitwe kwa kazi ya jina, si kwa nafasi yake. Ziwe tatu, nom, postnom na prenom, na ya nne iwe jina_kamili, ambamo jina linaandikwa lote kama lilivyo kwenye hati ya kuzaliwa.

Kiwakilishi kilichokosa kirejelewa

Walimu wetu wa sintaksia hutufundisha kwamba kiwakilishi kinatafuta kirejelewa chake kwanza katika kishazi kilicho karibu, na kisipokipata kinaweza kwenda kukitafuta katika kishazi kikuu. SQL, lugha ambayo watu huitumia kuzungumza na hifadhidata, inafanya vilevile. Mfano ufuatao nimeutunga, lakini kosa lenyewe linajulikana sana kwa watu wa fani hiyo.

Tuseme kuna jedwali la alama linaloitwa cote, na ndani yake safuwima etudiant_id, yaani namba ya mwanafunzi. Kuna jedwali jingine, desistement, la wale walioacha masomo. Aliyelitunga hili la pili alikuwa mtu mwingine, naye safuwima ya namba aliiita id_etudiant. Maana ni moja, maneno ni yaleyale, utaratibu tu umegeuzwa. Siku moja mtu anataka kufuta alama za walioacha masomo, anaandika:

DELETE FROM cote WHERE etudiant_id IN (SELECT etudiant_id FROM desistement);

Anasoma tena sentensi yake na kuiona ni sahihi: futa katika alama kila mstari ambao namba yake imo katika orodha ya walioondoka. Lakini jedwali la walioondoka halina safuwima yenye jina hilo. Mashine haikatai. Inatoka nje ya mabano, inakuta etudiant_id katika jedwali la alama, na kulichukua hilo. Sasa sentensi inasema: futa kila mstari ambao namba yake ni sawa na namba yake yenyewe. Kila mstari wenye namba una sifa hiyo. Hata kama aliyeacha masomo ni mtu mmoja tu, alama za chuo kizima zinafutika, na kompyuta inatangaza kwamba kazi imekamilika salama.

Mtaalamu atasema kwamba mwandishi wa amri hiyo angeweka jina la jedwali mbele ya safuwima, desistement.etudiant_id, mashine ingemjibu kwamba safuwima hiyo haipo. Ni kweli, na ni desturi nzuri. Lakini chanzo kiko nyuma zaidi: dhana moja ilipewa majina mawili. Kama pangekuwa na mtu mmoja wa kutunza istilahi, mtego usingekuwapo.

Homonimu na maneno yenye mwenyewe

Upande wa pili wa kosa hilo ni jina moja kwa dhana mbili. SQL ina amri ya kuunganisha majedwali mawili iitwayo NATURAL JOIN. Kanuni yake ni kwamba safuwima zenye jina moja zichukuliwe kuwa kitu kimoja. Sasa jedwali la wanafunzi lina faculte_id na nom. Jedwali la vitivo lina faculte_id na nom. Nom ya kwanza ni ya mtu, ya pili ni ya kitivo. Mashine inaunganisha kwa zote mbili, yaani inatafuta mwanafunzi ambaye nom yake ni sawa na jina la kitivo chake. Hakuna mtu anayeitwa Barua na Sayansi za Jamii, kwa hiyo orodha inarudi tupu. Hapana ujumbe wa kosa. Karani anaweza kudhani kwamba hakuna aliyejiandikisha.

Kuna pia maneno ambayo lugha ya SQL imejiwekea yenyewe. Atakayeita jedwali lake order au group atakataliwa papo hapo, na kukataliwa huko ni bahati, kwa sababu kosa linaonekana. Hatari zaidi ni neno user katika mfumo wa PostgreSQL. Ukiandika SELECT * FROM user, huku ukitazamia orodha ya watumiaji wote, haikatai na haikupi orodha. Inakurudishia mstari mmoja wenye jina la akaunti unayotumia wewe mwenyewe. Ni kama kuuliza "watumiaji ni nani?" ukajibiwa "ni wewe".

Wengine walishauri kutumia wingi ili kukwepa mtego huo: badala ya group, andika groups. Shauri hilo lilifaa kwa miaka mingi, mpaka MySQL ilipofika toleo la 8.0 na kulichukua groups liwe neno lake. Majedwali yaliyokuwa yakifanya kazi salama chini ya toleo la 5.7 yakaanza kukataliwa, bila mwenyewe kubadilisha hata herufi moja. Msamiati wa lugha hukua. Mwanafunzi wa isimu hashangai. Anayejenga mfumo wa kudumu miaka 20 anapaswa kulitazamia hilo, na kuchagua majina yenye maneno mawili, kama groupe_travaux, ambayo hakuna mtunga lugha atakayeyahitaji.

Herufi kubwa na ndogo nazo zina visa vyake. PostgreSQL hugeuza jina lisilo na alama za kunukuu kuwa herufi ndogo; Oracle hugeuza kuwa kubwa. MySQL kwa kawaida hutofautisha Etudiant na etudiant katika majina ya majedwali ikiwa juu ya Linux, na haitofautishi ikiwa juu ya Windows. Ndiyo maana programu ya mwanafunzi inafanya kazi vizuri kwenye kompyuta yake ya nyumbani, kisha inakwama siku ya utetezi ikiwekwa kwenye seva.

Aksanti, malipo na sarafu

Hapa kwetu majina mengi ya safuwima yanatokana na Kifaransa, na desturi ni kuondoa aksanti. Desturi hiyo ina sababu nzuri. Herufi é inaweza kuhifadhiwa kwa njia mbili, kama herufi moja au kama e yenye alama iliyobandikwa juu yake. Macho hayaoni tofauti, mashine inaiona. Lakini aksanti ikiondoka, maana nazo zinagongana. Cote, côte na côté yanakuwa neno moja.

Tazama hasa neno paye katika jedwali la malipo ya masomo. Je, ni payé, yaani "amelipa", ambapo 1 ni ndiyo na 0 ni hapana? Au ni kiasi alicholipa? Au ni paye, mshahara? Mwaka wa kwanza mtu mmoja anaandika 1 kwa maana ya ndiyo. Mwaka unaofuata mwingine anaandika kiasi. Atakayejumlisha safuwima hiyo atapata hesabu ambayo hakuna awezaye kuieleza.

Na montant, kiasi, ni kiasi cha nini? Katika nchi hii tunalipa kwa dola za Marekani na kwa faranga za Kongo, pengine katika risiti moja. Safuwima inayoitwa montant tu inachanganya sarafu mbili ambazo thamani zake ziko mbalimbali mno. Iitwe montant_usd au montant_cdf, au iwepo safuwima ya devise kando yake ambayo haikubali kuachwa wazi. Asiyeona uzito wa jambo hili akumbuke chombo cha NASA kilichoitwa Mars Climate Orbiter. Kilipotea mwaka 1999 kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza, na nyingine ikazisoma kana kwamba ni za mfumo wa metriki. Namba zilifika salama. Kipimo chake ndicho kilichokosekana njiani.

Niongeze tahadhari moja. Aksanti ziondoke katika majina ya safuwima, si katika majina ya watu. Désiré aandikwe Désiré. Kichwa cha daftari ni chetu na tunaweza kukibadilisha. Jina la mtu ni lake.

Kiswahili kinatudai nini

Wapo wenzetu wanaotaka kuandika majina hayo kwa Kiswahili, nami nafurahi. Lakini Kiswahili kina mwenendo wake, na anayekileta ndani ya hifadhidata bila kuufikiria atapata taabu.

Kwanza, wingi. Programu ya Ruby on Rails, inayotumiwa sana kujenga tovuti, ina desturi kwamba kitu kitajwe kwa umoja katika programu na jedwali lake liitwe kwa wingi, nayo inaugeuza umoja kuwa wingi yenyewe. Kanuni ilizonazo ni za Kiingereza. Ukiipa kitabu, inakupa kitabus. Ukiiomba irudishe kitabus kwenye umoja, inashindwa na kukuachia kitabus, kwa sababu inaona mwisho wa neno bus na kudhani ni basi la Kiingereza. Ukiipa familia, inaliacha lilivyo, kwa kuwa inalidhania kuwa tayari ni wingi. Ukiiomba umoja wake inakupa familium. Hapo ndani kumejificha kanuni ya Kilatini, ile ya medium na media, iliyopitia Kiingereza ikaja kuangukia neno la Kiswahili.

Rails inaruhusu mtu kuongeza kanuni za lugha yake, na hapo ndipo mwanaisimu anapohitajika, kwa sababu kanuni zetu hazijengwi kwa herufi peke yake. Mtu ni watu, lakini mti ni miti. Mlinzi ni walinzi, mlango ni milango. Kiambishi ni kilekile. Kinachoamua ni kama kitu kina uhai kama mtu na mnyama au hakina, na mashine haijui. Kamusi ni kamusi katika umoja na wingi. Hakuna orodha fupi ya kanuni itakayotosha.

Pili, mpangilio. Katika Kifaransa etudiant na etudiants vinakaa jirani kwenye orodha ya alfabeti. Katika Kiswahili kitabu kiko chini ya K na vitabu viko chini ya V. Anayetafuta jedwali katika orodha ya majedwali 200 anaweza kulikosa, akalitunga upya kwa jina jingine.

Tatu, tofauti ya matumizi ndani ya Kongo yenyewe. Mwandishi wa kwanza ataandika jina_la_baba kama sarufi sanifu inavyotaka. Wa pili, kama tunavyozungumza Lubumbashi, ataandika jina_ya_baba. Mmoja atasema watoto, mwingine batoto. Katika mazungumzo tunaelewana kabisa na hakuna anayemdharau mwenzake. Kwa mashine ni safuwima mbili zisizojuana.

Pendekezo langu kwa wanaotumia Kiswahili ni fupi: tumieni umoja siku zote, na acheni viunganishi. Andikeni mtoto, si watoto wala batoto. Andikeni jina_baba na tarehe_kuzaliwa. Umoja unatuepusha na tofauti ya watoto na batoto, na kiunganishi kisichoandikwa hakiwezi kukosewa.

Je, tutumie Kiingereza tu?

Najua pingamizi. Watu wa informatiki watasema: andikeni vyote kwa Kiingereza, kwa kuwa zana zote zinakielewa na mtu wa nje ataweza kusoma kazi yenu. Hoja hiyo ina nguvu, na kwa mambo yasiyo na mizizi katika jamii, kama tarehe ya kuingiza mstari au namba ya toleo, siikatai.

Lakini dhana za chuo chetu hazina Kiingereza. Postnom kwa Kiingereza ni nini? Anayelazimishwa ataandika middle_name, na Mmarekani atakayesoma ataelewa kitu kingine. Promotion ya kwetu ni kundi la wanafunzi wa mwaka mmoja wa masomo. Promotion ya Kiingereza ni kupandishwa cheo au kutangaza biashara. Session ya kwetu ni kipindi cha mitihani. Session ya watu wa kompyuta ni muda mtumiaji anapokuwa ameingia katika mfumo, na mifumo mingi tayari ina jedwali lenye jina hilo. Kila tafsiri ni mlango ambao maana inaweza kutokea.

Kwa hiyo simtetei mtu anayetaka kila kitu kiwe Kiswahili, wala anayetaka kila kitu kiwe Kiingereza. Natetea kwamba dhana iitwe kwa neno la mahali inapoishi, na kwamba neno likichaguliwa lishikwe. Hifadhidata yenye nom, postnom, cote na promotion, zote kwa Kifaransa cha utawala wetu, ni bora kuliko ile yenye student_id, date_naissance na jina katika jedwali moja. Mchanganyiko unatupendeza barabarani na katika maongezi yetu ya kila siku. Ndani ya jedwali unamlazimisha kila anayeandika amri akisie ni lugha ipi mwenzake alikuwa akiiwaza siku ile.

Tuanzie nyumbani

Kabla ya kwenda kuwafundisha wengine, tutazame data zetu wenyewe. Tunakusanya rekodi za sauti, hadithi, hojaji za lugha zinazosemwa mijini. Katika hojaji hizo safuwima inaweza kuitwa luba. Ni ipi? Kimataifa lugha hupewa alama za herufi tatu: lua ni Kiluba cha Kasai, yaani Tshiluba, na lub ni Kiluba cha Katanga. Na anayeandika ciluba na anayeandika tshiluba wametaja lugha moja kwa tahajia mbili. Safuwima inayoitwa swahili inahitaji swali hilohilo, maana kuna swc, Kiswahili cha Kongo, na swh, Kiswahili cha pwani na sanifu, na swa inayojumlisha vyote. Mtafiti atakayefungua jedwali hilo baada ya miaka 10 hatakuwa na wa kumwuliza.

Napendekeza mambo matatu.

La kwanza, kila hifadhidata ya chuo iwe na kamusi yake. Kwa kila jedwali na kila safuwima iandikwe fasili, kipimo, mfano mmoja sahihi na mfano mmoja wa kosa, na jina lililokuwa likitumika zamani. Hiyo ni kidahizo cha kamusi kama tunavyofundishwa katika somo la leksikografia. Hatuhitaji elimu mpya ili kukiandika.

La pili, dhana moja jina moja, na jina moja dhana moja. Herufi ndogo, bila aksanti, maneno yaunganishwe kwa mstari wa chini, kipimo au sarafu vitajwe ndani ya jina. Kanuni hizo zinatosha ukurasa mmoja, na ukurasa huo ubandikwe mahali wanapofanyia kazi.

La tatu, walimu wetu wakubali kazi za kumaliza masomo zinazofanywa na wanafunzi wawili, mmoja wa lugha na mmoja wa informatiki, juu ya istilahi za mfumo mmoja halisi wa chuo. Wa informatiki atajua kwa nini amri inakubaliwa au inakataliwa. Wa lugha atajua kwa nini karani wawili walielewa neno moja kwa njia mbili.

Tumezoea kuulizwa, hata na wazazi wetu, masomo ya lugha yanatoa kazi gani. Kazi moja ndiyo hii, na iko katika jengo la jirani. Mwenye kutaka kuanza asisubiri tume iundwe. Aombe kwa adabu kuonyeshwa vichwa vya safuwima za jedwali moja tu, lile la wanafunzi, na aulize juu ya kila kimoja: hili linamaanisha nini, na nani mwingine anaweza kulielewa vingine?